Swali la nyumba ya kisasa

Kila mwaka ninaposahihisha madodoso ya wanafunzi wangu wa sosholojia ya maendeleo, hukutana na swali lile lile: "Je, nyumba yako ni ya kisasa au ya kienyeji?" Mwanafunzi haoni tatizo, kwa sababu ndivyo tunavyosema sote: kilimo cha kisasa, ufugaji wa kisasa, nyumba ya kisasa. Hapo ndipo ninapoanzia kufundisha nadharia ya usasa, yaani dai kwamba jamii zote hutoka kwenye ujadi kwenda kwenye usasa kwa njia moja, maana imekita mizizi katika usemi wetu kuliko hata vitabuni.

Nadharia hii ilishika nguvu Marekani katika miaka ya 1950, wakati makoloni yalipokuwa yakielekea uhuru na Washington ikihofia kwamba nchi hizo changa zingeegemea upande wa Moscow. Mwaka 1960 mchumi W. W. Rostow alichapisha hatua zake tano za ukuaji, kuanzia jamii ya kijadi hadi zama za matumizi makubwa ya bidhaa, na akakiita kitabu chake ilani isiyo ya kikomunisti. Kwake ngazi ni moja kwa mataifa yote, na asiyefika juu amechelewa tu.

Kwangu mimi, anayeionyesha nadharia hii vizuri zaidi ni mtafiti wa Marekani Daniel Lerner, katika kitabu chake cha mwaka 1958 kuhusu Mashariki ya Kati, kilichotokana na utafiti juu ya wasikilizaji wa redio. Kinaanza na Balgat, kijiji cha Uturuki kilicho kilomita 8 hivi kutoka Ankara, ambako mwaka 1950 walihojiwa mzee wa kijiji na mwenye duka. Mzee aliridhika na maisha yake. Mwenye duka alipoulizwa angeishi wapi kama si Uturuki alitaja Marekani, na aliweza kueleza angefanya nini kama angekuwa rais. Lerner alipofika mwenyewe mwaka 1954 alikuta umeme na basi la kwenda mjini, na mwenye duka alikuwa amekwisha kufariki. Lerner akamfanya mwenye duka huyo mtangulizi wa usasa, mtu mwenye uwezo wa kujiweka katika nafasi ya mwingine.

Ni simulizi nzuri, lakini kila ninapoirudia hunisumbua. Watu wawili wa kijiji kimoja, waliohojiwa mwaka mmoja, wamegawanywa, mmoja akawa jana na mwingine kesho. Tena barabara na umeme havikutoka katika ndoto za mwenye duka. Vilitoka katika maamuzi ya serikali na kupanuka kwa Ankara, mambo ambayo dodoso halikuyauliza.

Fikra za namna hiyo zilitufikia mapema. Mwaka 1961 ripoti ya Benki ya Dunia kuhusu uchumi wa Tanganyika ilitofautisha njia mbili: kuboresha kilimo pale wakulima walipo, au kukigeuza kabisa kwa kuwahamishia katika makazi mapya yenye usimamizi wa karibu. Serikali iliipa uzito njia ya pili. Vikaanzishwa vijiji kama Upper Kitete, penye ngano, vikiwa na trekta, mikopo na mameneja. Gharama zikawa kubwa kuliko mavuno yalivyoweza kubeba, na mwaka 1966 serikali yenyewe ikaachana na mpango wa kuanzisha vingine. Mkulima aliyeijua ardhi yake alikuwa amehesabiwa kuwa kikwazo.

Mwanahistoria wa Guyana Walter Rodney, akifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliipindua hoja yote mwaka 1972 alipoandika kwamba Ulaya na Afrika hazikupanda ngazi moja kwa mwendo tofauti, bali utajiri wa upande mmoja ulijengwa kwa kuudumaza mwingine. Namkubali katika hilo, ingawa kwa maoni yangu nadharia ya utegemezi, hiyo inayosema umaskini wa nchi moja huzaliwa na utajiri wa nyingine, nayo ilimwachia mwanakijiji nafasi finyu ya kutenda.

Kwa hiyo siwaambii wanafunzi walifute swali la nyumba. Nawataka waulize paa liliezekwa mwaka gani, kwa fedha ya zao lipi au ya mtoto aliyeko mji gani, na ni nani nyumbani aliyeamua kununua bati kabla ya kulipa ada.