Je, wajua kwa nini dalali anadai hela hata kwa nyumba usiyoipanga?

Ukitafuta chumba Dar es Salaam, andaa mfuko mara mbili. Kwanza kuna hela ya kuonyeshwa, uipende nyumba usiipende. Ukiipenda, dalali anachukua udalali wake, mara nyingi sawa na kodi ya mwezi mmoja, na hiyo ni mbali na kodi ya miezi sita au mwaka anayoitaka mwenye nyumba. Udalali watu huumeza kwa shida. Ile hela ya mwanzo ndiyo inayozua ugomvi: yaani nimelipia kutazama kuta?

Kwa bahati mbaya, neno lenyewe liko upande wa dalali. Limetoka kwenye Kiarabu, na mzizi wake una maana ya kuonyesha, kumwelekeza mtu njia. Mzizi huohuo ndio uliotupa “dalili”. Wingu zito ni dalili ya mvua kwa kuwa linaonyesha kinachokuja. Dalali naye anaonyesha kilipo kitu na nani anakiuza.

Katika masoko ya Waarabu dalali alikuwa mpiga mnada. Alishika mali ya mtu, akazunguka nayo sokoni huku akitaja bei iliyofikiwa, mpaka asipatikane wa kuongeza. Wahindi nao walilichukua neno: soko la hisa la Mumbai liko Dalal Street, na zipo familia za Kigujarati zenye ukoo wa Dalal. Waturuki wakalifanya tellal, mpiga mbiu.

Kwetu maana ya mnada haijafa. Nenda soko la samaki la Feri asubuhi, usikie madalali wakinadi samaki wa wavuvi. Halafu yupo dalali wa mahakama, anayeuza mali iliyokamatwa kwa amri ya mahakama. Huyo hakuna anayemkaribisha chai.

Kinachomtenga dalali na wengine ni kwamba mali si yake. Mchuuzi amenunua, anauza chake. Mlanguzi amenunua pia, ila anaficha au anapandisha bei bidhaa ikiadimika. Dalali hana mzigo wala nyumba. Mtaji wake ni habari, miguu na simu. Ndiyo maana kumwita mlanguzi ni kumwonea, hata kama umekasirika.

Siku hizi wapo wanaolikwepa jina hilo na kujiita mawakala. Anayemtafutia mchezaji wa mpira timu ni wakala. Anayekutafutia kiwanja Goba ni dalali. Mimi naona tofauti kubwa iko kwenye nguo.

Na angalia, “udalali” ni kazi yenyewe na ni malipo yake pia. Mtu akikuambia “mimi nafanya udalali”, muulize palepale, kabla hamjapanda bodaboda: udalali wako shilingi ngapi, na wa kuonyesha tu ni ngapi?