Ukichoka lala chali, tumbawe si kigoda

"Ukichoka simama tu juu ya jiwe, upumzike." Kauli hii haiishi kwenye boti zetu za Unguja zinazopeleka watu kuogelea juu ya matumbawe kwa miwani, mrija na mapezi ya miguuni, na mara nyingine anayeitoa ndiye aliyeshika usukani. Leo tumalizane.

Inakotoka napajua. Mji Mkongwe umejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa kutokana na mawe hayohayo. Mafundi wa zamani walikata tumbawe bichi baharini, wakalichonga likingali laini, likikauka likawa nakshi ya kibla. Neno lenyewe limetuponza: ukutani ni jiwe, basi na majini ni jiwe. Majini jiwe ni mifupa tu. Chenye uhai ni ngozi nyembamba ya juu, vijinyama vilivyoshikana maelfu kwa maelfu, na ndani ya miili yao mna vimwani visivyoonekana kwa macho vinavyowapikia chakula kwa mwanga wa jua. Unyayo au pezi huichubua ngozi hiyo, na palipochubuka mwani wa kawaida huwahi kuota. Tumbawe la mviringo hukua kama sentimita 1 kwa mwaka. Likiwa na kimo cha mita 1, fanya hesabu mwenyewe. Ya matawi hukua upesi zaidi, lakini hayo huvunjika kama biskuti.

Kisha anakuja mjuaji: "Hili limekufa, si unaona jeupe?" Hapo ndipo subira inaponiishia. Maji yakipata joto la nyuzi 1 tu zaidi ya kawaida ya miezi ya joto, yakakaa hivyo kwa wiki kadhaa, tumbawe huvitoa vile vimwani na ngozi yake hubaki bila rangi, mfupa mweupe ukaonekana kwa ndani. Halijafa, lina njaa. Maji yakipoa mapema, rangi hurudi. Mwaka 1998 mengi ya pwani yetu hayakuwahi kupona. Kwa hiyo jeupe ndilo mgonjwa, na wewe unataka kumpanda mgonjwa mgongoni.

Lililokufa kweli halikai jeupe muda mrefu, huvaa utando wa mwani. Na hapa niseme ukweli: kutoka juu ya maji, tumbawe hai la rangi ya kahawia na mfu lenye utando hunichanganya hata mimi, na anayedai hakosei kamwe simwamini. Isitoshe, juu ya hilo mfu ndipo matumbawe machanga yanaposhika. Simama kwenye mchanga au usisimame kabisa.

Mara nyingi kosa si la pumzi, ni la saa. Unguja, siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupwa kabisa karibu na saa 4 asubuhi, saa ileile boti za wageni zinapofika mwambani. Kina kinabaki cha magoti, mapezi yanagonga, mtu anaogopa, anasimama. Maji huchelewa kama dakika 50 kila siku. Baada ya wiki moja, siku za maji mafu, saa 4 hiyohiyo unayakuta yamejaa na mkondo ni mpole. Tazama mwezi kabla ya kulipa nauli. Na wakati wa kusi, msimu wa pepo za kusini, uliza upepo kwanza.

Vifaa, kwa haraka. Weka miwani usoni bila kufunga mkanda, vuta hewa kwa pua. Ikishika, ni yako. Ikivuja, usikaze mkanda, maana kukaza ndiko kunakoipinda. Toa nywele chini ya mpira. Masharubu nayo huvujisha. Miwani mipya isugue kioo kwa ndani kwa dawa ya meno nyeupe kabla ya safari, la sivyo ukungu hautaisha hata uteme mate ya kutwa nzima. Mrija ukiingia maji, puliza mara moja kwa nguvu, kama unayetema mbegu.

Ukichoka: geuka chali, toa mrija, inua mkono mmoja, ngoja boti. Ndiyo hivyo tu. Laifujaketi uifunge hadi chini, mkanda wa kati ya miguu nao, isije ikapanda shingoni ikakusimamisha wima. Mtu aliye wima hukanyaga maji kama anaendesha baiskeli, na mapezi yake ndiyo yanayovunja matawi bila yeye kujua. Ukiogelea, lala kifudifudi, piga miguu kutoka nyongani, taratibu.

Mafuta ya kujikinga na jua? Hawaii wamepiga marufuku kuuza mafuta ya aina fulani tangu 2021. Kama kiasi kinachooshwa na maji kwenye migongo yetu kinatosha kuua mwamba mzima, sijashawishika. Vaa fulana ya mikono mirefu, ubishi uishe, na mgongo hautababuka.

Halafu mwulize nahodha kama atafunga kwenye boya au atatupa nanga. Nanga moja huvunja zaidi kuliko nyayo za boti nzima.