Mwiba Kwanza, Kiraka Baadaye

Februari, kaskazi ikivuma, tulikuwa pikipiki nne tukirudi Malindi kutoka Marafa. Hatukufuata barabara, tulipita njia za ng'ombe. Kijana mmoja akapata pancha gurudumu la nyuma. Akatoa tyubu, akaziba, akarudisha, akajaza upepo. Hatukufika kilomita mbili, tairi likalala tena. Akaziba tena, likalala tena. Mara ya tatu akanijia jasho linamtoka: "Fundi, tyubu hii mbovu, nipe yako."

"Tyubu haina kosa, mdogo wangu. Nipe hilo tairi."

Nikapitisha kitambaa ndani ya tairi, polepole, kuzunguka mpaka nilipoanzia. Mahali fulani kitambaa kikanasa. Ilikuwa ncha ya mwiba wa mgunga, fupi kuliko punje ya mchele, imevunjikia katikati ya mpira. Kwa nje hukuona kitu. Ukipapasa kwa ndani, ilichoma kama sindano. Na matundu yote matatu ya ile tyubu yalikuwa yamekaa jirani, eneo lisilozidi upana wa vidole viwili.

Nina kibanda cha matairi hapa Maweni, na siku za mapumziko huwaongoza vijana wanaopenda njia za porini, ng'ambo ya mto Sabaki au upande wa Ganda, Jilore na Kakoneni. Huko pancha ya kwanza haina lawama. Miiba ni mingi na mpira ni mpira. Pancha ya pili ndiyo inayoniuma, kwa sababu mara nyingi tumeibeba wenyewe ndani ya tairi. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Basi kabla hujagusa leva, yaani vyuma vya kubandulia tairi, piga alama kwenye ubavu wa tairi pale penye valvu. Chaki inafaa, hata jiwe jeupe. Ukishatoa tyubu na kupata tundu, pima kwa shibiri kutoka kwenye valvu hadi kwenye tundu, kisha pima vivyo hivyo kwenye tairi kutoka kwenye alama yako. Kama umesahau tyubu ilikaaje, pima pande zote mbili. Mwiba utakuwa katika moja ya sehemu hizo mbili. Tumia kitambaa, si vidole vitupu, maana waya na vipande vya chupa navyo hujificha humo. Ukiupata mwiba, usukume kwa ndani utokee nje, au uukamate kwa koleo. Kisha endelea kupapasa tairi zima. Porini miiba haiji mmoja mmoja.

Tundu lenyewe husema limetoka wapi, ukilitazama vizuri. Likiwa upande unaotazama ardhi, ni mwiba au msumari. Likiwa upande unaolalia rimu, usihangaike na miiba, tazama spoki. Ncha ya spoki iliyochomoza, au kutu, imekula mpira kutoka ndani. Sisi wa pwani tunaliona hili sana, hasa kwa wanaopenda kuendesha ufuoni maji yanapokupwa na kurudi nyumbani bila kuosha pikipiki kwa maji yasiyo na chumvi. Chumvi huingia kwenye matundu ya spoki, rimu ikachubuka, na magamba ya kutu yakawa makali kama wembe. Dawa yake ni msasa, halafu ukanda wa mpira wa kufunika vichwa vya spoki. Ukikosa ukanda wa dukani, kata pete kutoka tyubu kuukuu. Mimi nimezikata nyingi na zinafanya kazi vizuri.

Ukiona matundu mawili sambamba, kama umeumwa na meno, hapo hakuna mwiba. Tairi lilikuwa na upepo mdogo, ukagonga jiwe la matumbawe au ukingo wa shimo, rimu ikaibana tyubu. Watu husikia kwamba porini upepo hupunguzwa, na ni kweli: pikipiki ya porini yenye tairi pana la vijino huenda vizuri na psi (kipimo cha upepo) 12 hadi 15. Lakini pikipiki ya kazi, yenye tairi jembamba na abiria nyuma, ukiipeleka na upepo huo kwenye mawe utaziba mpaka jua lizame. Kwa tairi la aina hiyo mimi sishuki chini ya 20, hata kwenye mchanga.

Na tyubu ikichanika kwenye shina la valvu, usipoteze solusheni, ile gundi ya viraka. Kiraka hakishiki pale. Tairi limeteleza juu ya rimu na kuivuta tyubu, kwa kawaida kwa sababu ya upepo mdogo. Hiyo ni ya kubadilisha, sawa na iliyopasuka mpasuko mrefu, au iliyojaa viraka mpaka kimoja kinapanda mgongo wa kingine.

Ushauri wangu ni kubeba tyubu nzima, uibadilishe pale pale, na ile iliyotoboka uizibe nyumbani kivulini. Kama gurudumu lako la mbele ni inchi 21 na la nyuma ni 18, na nafasi ya mzigo ni ya tyubu moja tu, beba ya 21. Kwa dharura inaingia nyuma na kukufikisha. Ya 18 kuivuta mbele ni kuitesa. Ila usiiache nyuma siku nyingi, kwa sababu imekaa kwa mikunjo na mikunjo hujila.

Kutoa tairi kunawatoa watu jasho bure. Katikati ya rimu kuna bonde. Ukingo wa tairi ukishaingia bondeni upande mmoja, upande wa pili unalegea. Kwa hiyo toa upepo wote, bandua ukingo kutoka kwenye rimu pande zote mbili kwa kisigino, kisha piga goti juu ya tairi upande ulio mkabala na leva zako. Inua kidogo kidogo, vidole viwili kwa mara moja. Ukihitaji nguvu za watu wawili, jua ukingo umetoka bondeni. Rudi ukausukume, usiongeze nguvu.

Sasa kiraka. Kaskazi ikivuma huwezi kusikia tundu linavyopumua, na mchanga unarukia gundi. Kaa nyuma ya mbuyu au jikinge kwa pikipiki yenyewe. Jaza tyubu hadi inenepe, isogeze karibu na mdomo, maana midomo inahisi upepo kuliko mkono. Ukikosa, paka mate au maji utazame povu. Likipatikana, lizungushie duara kubwa kuliko kiraka, kwa sababu ukianza kusugua hutaliona tena.

Sugua kwa msasa mpaka weusi unaong'aa uwe kijivu kisichong'aa. Kama tundu liko karibu na ule mstari ulioinuka unaozunguka tyubu, usugue mpaka ulale kabisa. Mstari huo ukibaki, upepo hupenya pembeni mwake chini ya kiraka, nawe utalaumu gundi. Futa vumbi. Paka solusheni nyembamba, ipite ukubwa wa kiraka, kisha ngoja. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Solusheni hii haishiki ikiwa mbichi kama gundi ya karatasi, inatakiwa ikauke. Gusa pembeni kwa mgongo wa kidole: isipokunata tena, iko tayari. Kwa jua la Malindi ni dakika chache, asubuhi yenye unyevu huchukua zaidi. Usiipulizie kwa mdomo, pumzi ina maji. Bandua karatasi ya kiraka bila kugusa uso wake, kiweke, kisha kandamiza kwa mpini wa bisibisi kutoka katikati kwenda nje. Ile nailoni ya juu iache ilivyo. Ukiibandua kwa pupa inainuka na ncha za kiraka.

Jambo dogo la solusheni: chupa ikishafunguliwa hukauka hata ukiifunga. Beba mbili ndogo ambazo hazijafunguliwa. Na kama uliwahi kumimina dawa ya majimaji ya kuziba ndani ya tyubu, osha na ukaushe vizuri, la sivyo kiraka kitateleza.

Kurudisha: itie tyubu upepo kidogo tu iwe duara, isijikunje. Anza upande ulio mbali na valvu, umalizie kwenye valvu, na kabla ya kumalizia isukume valvu ndani ili tyubu isibanwe na ukingo. Leva ziingie kidogo, maana nimeziba matundu mengi yaliyotobolewa na leva dakika ya mwisho. Nati ya valvu usiikaze hadi kwenye rimu. Ipandishe hadi kwenye kifuniko. Hapo tairi likiteleza utaona valvu imeinama, nawe utalirekebisha kabla tyubu haijachanika.

Jaza upepo, kisha tazama ule mstari mwembamba ulio ubavuni mwa tairi karibu na rimu. Uwe na umbali sawa kote. Ukizama mahali, toa upepo, lowesha kwa maji ya sabuni, jaza upya.

Gurudumu la nyuma lenye breki ya ngoma lina mkono wa kuzuia bamba la breki lisizunguke, nao hufungwa kwa nati. Kagua nati hiyo kwa spana, si kwa macho, kwa sababu mkono huo ukiachia, bamba hilo linazunguka na gurudumu linaweza kufunga ghafla. Kama breki ni ya diski, minya mkono au kanyagio mara kadhaa mpaka iwe ngumu kabla ya kupanda. Kisha nenda kilomita moja polepole, simama, bonyeza tairi kwa gumba, gusa ekseli kama ina moto, na ukaze tena nati zake.