Mapigano ya ghafla hayaharibu ulimwengu wa gemu

Wengi wanasema mapigano ya ghafla kwenye magemu ya RPG (yale unayocheza kama mhusika ndani ya hadithi), yaani unatembea zako mara skrini inabadilika na adui huyu hapa, yanakutoa kwenye ulimwengu wa gemu. Sio lazima iwe hivyo jamani. Cheki Dragon Quest ya 1986, ukivuka tu daraja maadui wanakuwa wakali zaidi, hakuna aliyekuonya ila unajua kabisa huku bado sio kwako, unaanza kuhesabu dawa zilizobaki kabla hujapiga hatua nyingine. Hiyo ndo kuzama kwenye gemu kwenyewe! Wala mapigano haya hayaji kwa bahati tupu, gemu kama Final Fantasy VII ina namba iliyofichwa inayopanda kadri unavyotembea mpaka pambano linakuja. Kinachokera ni yakija kila baada ya hatua mbili tatu na maadui wale wale.