Thamani ya bima ya gari la zamani lililotunzwa: yanayosadikiwa na yaliyo kweli

Gari la miaka 20 ambalo injini yake haivuji hata tone lina tabu moja ambayo mwenye gari jipya haijui: hakuna anayejua bei yake. Jipya lina risiti ya dukani. La zamani lina jedwali la uchakavu linalosema limekwisha, na lina mwenyewe anayeapa kwamba halipatikani tena. Fidia hupotelea hapo katikati, mara nyingi kwa sababu ya mambo yanayosadikiwa bila mtu kufungua mkataba na kuusoma.

“Kiasi nilichoandikisha ndicho nitakacholipwa.”

Dhana hii ndiyo inayoumiza wengi. Mikataba mingi ya bima kubwa, ile inayolipia hata gari lako mwenyewe, hulipa thamani ya soko, yaani bei ambayo gari kama lako, lenye umri, kilomita na hali kama yake, lingeuzwa muda mfupi kabla ya ajali au wizi. Kiasi kilichoandikwa kwenye hati ni kikomo cha juu tu. Ukiandikisha 100 na soko likasema 70, utalipwa 70, na ada uliyotoa kwa ajili ya zile 30 za juu imekwenda bure. Bima inamrudisha mtu pale alipokuwa kabla ya hasara, haimpi faida.

Wapo wanaokimbilia upande wa pili: wanaandikisha kidogo ili ada ishuke. Angalia kama mkataba wako una kifungu cha uwiano. Tuseme gari lina thamani ya 100, umeandikisha 60, kisha umegongwa na matengenezo ni 40. Mwenyewe unaona 40 bado iko ndani ya 60, kwa hiyo umesalimika. Lakini kampuni inahesabu hivi: 40 × 60 ÷ 100 = 24, kwa kuwa umejikatia bima ya sehemu sita tu kati ya kumi. Katika hizo 24 bado yatatoka makato ambayo mwenye bima hubeba mwenyewe katika kila dai.

Njia ya tatu, na mara nyingi ndiyo inayofaa gari lililotunzwa hasa, ni thamani ya makubaliano. Wewe na kampuni mnakubaliana kiasi kabla ya bima kuanza, kinaandikwa, na gari likiibwa au kuharibika kabisa kinalipwa hichohicho bila kupunguziwa uchakavu. Hapa soma maneno kwa jicho kali, maana “thamani iliyotajwa” si “thamani iliyokubaliwa”. Tafuta sentensi inayosema italipwa thamani ya soko au kiasi kilichotajwa, chochote kilicho kidogo. Ukiikuta, una bima ya thamani ya soko iliyovishwa jina zuri, hata kama wakala amekuambia vingine.

“Gari likishazeeka vya kutosha, linahesabiwa la kale na bei yake inapanda.”

Umri peke yake haupandishi kitu. FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kale, hulitambua gari kuwa la kihistoria likiwa na angalau miaka 30, limehifadhiwa katika hali sahihi ya kihistoria, na halitumiki kama usafiri wa kila siku. Sharti hilo la mwisho ndilo linalowatoa wengi. Kampuni zinazotoa thamani ya makubaliano nazo huwa na masharti ya aina hiyo: kikomo cha kilomita kwa mwaka, gari lilale ndani ya banda, na mwenyewe awe na gari jingine la shughuli za kila siku. Gari la miaka 18 linalopeleka watoto shule ni gari kuukuu lililotunzwa vizuri. Lina thamani kuliko wenzake wa rika lake, ila bado linapimwa kwa soko la kawaida.

“Nimeingiza pesa nyingi, kwa hiyo thamani imepanda kwa kiasi hichohicho.”

Hapana. Kufungua injini na kuisuka upya, kubadilisha shokabsoba na kufunga betri mpya ni mambo yanayolifanya gari libaki katika daraja lake. Mnunuzi anategemea kuyakuta yakiwa mazima. Risiti zake zina kazi nyingine: zinathibitisha hali. Bila risiti, mkadiriaji wa kampuni ya bima anaweza kulichukulia gari lako kuwa la wastani, na kwa gari la miaka 20 wastani ni hali mbaya. Vitu vya nyongeza kama rimu za aloi, redio ya gharama au viti vilivyoshonwa upya vitajwe kimoja kimoja kwenye hati pamoja na thamani yake. Kisichotajwa hulipwa kama kile kilichotoka kiwandani, au kisilipwe kabisa.

“Kilomita chache zinatosha.”

Mthamini anayejua kazi hasomi odomita kwanza, anasoma mpira wa pedali ya breki. Odomita ikisema 60,000 na mpira umelika hadi chuma kinang’aa, ukingo wa kiti cha dereva umechanika upande wa mlango na usukani umekuwa laini kama kioo, ile namba haina maana tena. Na hata ikiwa ya kweli, gari lililosimama muda mrefu lina maradhi yake: sili hukauka na kupasuka, mafuta ya breki hunyonya unyevu hewani na kiwango chake cha kuchemka hushuka, mkanda wa taiming huisha kwa miaka hata kama haujazunguka. Tazama ubavuni mwa tairi, kwenye tarakimu nne za mwisho za msimbo unaoanza na herufi DOT. 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Tairi hilo linaweza kuwa na kashata za kutosha na bado likawa la kutupwa.

Kinachobeba uzito ni mfululizo: kitabu cha huduma, risiti na vyeti vya ukaguzi vyenye tarehe na kilomita zinazopanda bila kurukaruka.

“Rangi mpya inapandisha thamani.”

Wakati mwingine inashusha. Mthamini hupitisha kipima unene wa rangi kwenye kila bati. Rangi ya kiwandani kwa kawaida husoma kati ya maikroni (sehemu za elfu za milimita) 80 na 160 hivi. Mlango unaosoma 120 huku wa jirani yake unasoma 280 umepigwa rangi tena. Ukisoma 900, chini yake kuna puti, yaani kijazio cha kusawazishia bati, na puti nene maana yake bati lilibonyea au lililiwa na kutu. Bampa za plastiki hazipimiki kwa vipima vya kawaida, kwa hiyo asikudanganye mtu na namba za bampa.

Rangi nzuri isiyo na maelezo inazua swali: inaficha nini? Ukilipeleka gari kupulizwa, piga picha bati likiwa tupu, kabla ya praima, na umwombe fundi aandike alichokata na alichochomelea. Kwa magari yanayotafutwa na wakusanyaji, rangi ya asili iliyopauka kidogo inaweza kupendwa kuliko rangi mpya inayometameta.

“Nitaangalia matangazo, nichukue bei ya juu.”

Bei ya tangazo ni ombi la muuzaji. Mara nyingi gari huuzwa chini ya hapo. Lakini matangazo yanafaa ukiyatumia kwa utaratibu. Tafuta sita hadi nane ya gari lilelile: modeli, injini, giaboksi na daraja la vifaa, mwaka usiopishana na wako kwa zaidi ya miwili. Toa la bei ya juu kabisa na la chini kabisa. Yaliyobaki yapange, chukua bei ya katikati, kisha urekebishe kwa kilomita na hali, ukiandika kila rekebisho na sababu yake. Piga picha ya kila tangazo siku hiyohiyo, likionyesha tarehe, maana gari likiuzwa tangazo hufutwa na ushahidi wako unakwenda nalo. Kwa gari adimu, ambalo hata matatu huyapati, lipa mthamini huru.

“Ajali ndogo haiwezi kulifuta gari langu.”

Inaweza, na kwa gari la zamani ni rahisi kuliko unavyodhani. Bei ya taa, boneti, rejeta na saa za fundi haishuki kwa sababu gari limezeeka, na baadhi ya spea hupanda zikianza kuadimika. Gari likithaminiwa 30 na matengenezo yakafika 24, kampuni nyingi zitaona halitengenezeki kwa faida na kulihesabu hasara kamili. Hapo ndipo thamani iliyopangwa chini inapokuponza mara mbili: unalipwa kidogo, na gari zima ambalo lingepona linaitwa mabaki. Kabla ya kusaini, uliza kama unaweza kubaki na mabaki na yatakatwa kiasi gani kwenye fidia. Uliza pia hadhi ya usajili itabadilikaje, kwa kuwa gari lililowahi kuandikwa hasara kamili huwa gumu kukatiwa tena bima kubwa.

“Nilishathaminiwa gari, yamekwisha.”

Tathmini huchakaa kama tairi. Irudie kila baada ya mwaka mmoja hadi mitatu, au mapema zaidi ukifanya kazi kubwa. Faili iwe na picha za pande nne na pembe nne, chumba cha injini, buti likiwa tupu, sakafu na chesisi kwa chini, odomita ikiwaka, na namba ya chesisi ikisomeka. Usiziache nakala zote ndani ya gari. Ni kosa la ajabu, lakini lipo.

Ikitokea hasara na kiasi unachopewa kinakushangaza, usibishane kwa maneno. Omba kwa maandishi orodha ya magari waliyolinganisha. Kosa la kawaida limo humo: gari lako ni la injini kubwa na gia za otomatiki, wao wamelilinganisha na lile la chini kabisa la modeli hiyo, au wameweka hali “wastani” bila kuliona gari wala karatasi zake. Wajibu mstari kwa mstari, ukiambatanisha picha, risiti na matangazo uliyoyahifadhi. Fidia ya gari lote usiisaini kuwa ya mwisho kabla ya jibu lao, kwa kuwa sahihi hiyo kwa kawaida hufunga dai.