EFI isiyoonekana kwenye injini ya kabureta: anzia kwenye tanki

Ukifunga EFI, yaani mfumo wa kunyunyizia petroli kwa umeme, kwenye Peugeot 504 ya cc 1971, kuificha ndiyo kazi nyepesi kuliko zote. Throto (mlango wa hewa) yenye nozeli mbili za kunyunyizia petroli inakaa palepale ilipokuwa kabureta, kopo la zamani la filta ya hewa linarudi juu yake, na anayefungua boneti haoni kitu. Kontroli boksi, yaani kompyuta ya EFI, tuseme MegaSquirt, inaingia nyuma ya dashibodi, mbali na joto na vumbi. Kinacholaza gari njiani ni mafuta na waya.

Pampu ya asili inasukuma petroli kwa takriban bar 0.3. Nozeli zinataka bar 3. Kwa hiyo ule mpira wa kawaida wa kupitisha petroli haufai. Tafuta ulioandikwa SAE J30R9, pamoja na klipu zenye kingo zilizokunjwa, maana zile za meno hukata mpira polepole bila wewe kujua. Pampu ya asili iache kwenye bloku kama pambo, ila uitoe mkono wake.

Pampu ya umeme ya bar 3 inajua kusukuma, haijui kuvuta. Ifunge chini ya usawa wa tanki, jirani nalo, juu ya vipande vya mpira ili mlio usifike ndani. Kabla yake weka chujio la mikroni 100, baada yake la mikroni 10. Ukiyageuza, pampu itavuta kwa shida, petroli ya moto itageuka mvuke humohumo, na gari litazima saa nane mchana kisha liwake vizuri jioni. Wengi hapo hununua pampu mpya, nayo ya kwanza haikuwa na kosa.

Bomba la kurudisha mafuta ni la lazima. Liingie tankini chini ya usawa wa petroli na mbali na mdomo wa kuvutia, la sivyo utavuta povu. Tanki likibaki na robo, kwenye kona ndefu pampu hupata hewa tupu. Dawa yake ni kopo la lita 1 linalojazwa na pampu ndogo ya umeme, na pampu ya bar 3 inavuta humo. Wapo wanaolificha chini ya boneti. Kwa jua la Dodoma mimi naliweka nyuma, karibu na tanki.

Ukubwa wa nozeli piga hesabu, usikisie. Kila nguvu moja ya farasi hula karibu gramu 227 za petroli kwa saa. Farasi 90 ni kilo 20.4, yaani kama cc 460 kwa dakika. Nozeli isifanye kazi zaidi ya asilimia 80 ya muda wake, hivyo unahitaji cc 575: mbili za cc 300 kila moja zinatosha.

Ishara ya mzunguko wa injini, ambayo kompyuta inaihitaji, unaweza kuichukua kwenye negativu ya koili, bila kufunga gurudumu la meno lionekane kwenye puli. Lakini platini (kontakti za ndani ya distribyuta) zikirukaruka hutoa ishara za uongo, kwa hiyo badala yake weka moduli ya elektroniki ndani ya distribyuta. Plagi nazo ziwe zenye rezista, cheche zisivuruge ishara. Gari lenye dinamo libadilishiwe alternata kwanza. Pampu na sensa zitaumaliza umeme wake likiwa kwenye sailensa, yaani injini ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta.

Dodoma iko takriban mita 1,120 juu ya bahari, na hewa hapa ina kPa 88 hivi badala ya 101. Kabureta iliyosetiwa Dar es Salaam huku humwaga mafuta karibu asilimia 6 zaidi. Sensa ya MAP, inayopima presha ya hewa inayoingia kwenye injini, husahihisha hilo yenyewe, na barabara ya Iringa ndiyo kipimo chake: unashuka hadi karibu mita 700 pale Mtera, halafu unapanda kupita 1,500. Sensa ya oksijeni ifungwe kwenye ekzosi ikiwa imeinuka angalau digrii 10 kutoka usawa, ncha ikitazama chini, maji yasikae ndani yake. Kwenye mwendo wa kawaida lenga 14.7 kwa 1, yaani uzito wa hewa kwa uzito wa petroli. Kwenye mlima, pedali ikiwa chini kabisa, 12.8. Ikipita 13.5 kwenye mzigo huo, usiongeze mafuta kwenye kompyuta kabla hujapima presha ya petroli.