Kompyuta kujizima kwa joto: maana yake na namna ya kuitambua

Kompyuta ya nyumbani ikizima katikati ya kazi, bila ujumbe na bila kuaga, wengi wetu hapa Dar es Salaam tunaisingizia virusi. Kinachofuata kinajulikana: mashine inapelekwa kwa fundi, inapigwa Windows upya, picha za harusi zinapotea, na baada ya siku chache inazima tena vilevile. Mara nyingi Windows haikuwa na kosa. Mashine ilizidiwa na joto, ikajizima ili isiungue.

Kujizima kwa joto ni kinga iliyojengwa ndani ya prosesa, ile chipu kuu inayofanya kazi ya kufikiri ya kompyuta. Prosesa ina kihisi chake cha joto, na kiwanda kimeiwekea kikomo: nyingi za kampuni ya Intel ni karibu nyuzi joto 100, nyingi za Ryzen za kampuni ya AMD ni 95. Ikikaribia hapo haizimi kwanza. Inapunguza kasi, kama mbeba zege saa saba mchana ambaye hajaacha kazi ila hatua zimekuwa nzito. Joto likiendelea kupanda hata baada ya hapo, umeme unakatwa papo hapo. Ndiyo maana hupati onyo wala nafasi ya kuhifadhi ulichokuwa unaandika.

Zamani kinga hii haikuwa kwenye kila prosesa. Mwaka 2001 tovuti ya Tom's Hardware ilionyesha video ya jaribio la kikatili kidogo: mchezo wa kompyuta unaendelea, halafu mtu anang'oa hitisinki, lile pande la chuma lenye mapezi linalokaa juu ya prosesa. Prosesa ya Pentium 4 ya Intel ikapunguza kasi na kuendelea. Pentium III ikaganda. Athlon ya AMD ya wakati ule ikatoa moshi na kufa. Mezani kwako leo utaona kwanza mashine ikiwa nzito, wakati mwingine ikiganda, na baada ya hapo ndipo inazima.

Kwa nini Dar? Feni ya kompyuta haitengenezi baridi. Inachukua hewa ya chumbani na kuipitisha kwenye mapezi ya hitisinki, kwa hiyo prosesa haiwezi kupoa chini ya joto la chumba. Mashine inayokaa kwenye nyuzi 75 ndani ya chumba cha nyuzi 22, ukiipeleka Januari kwenye chumba cha nyuzi 32 kisicho na kiyoyozi, itakaa kwenye 85 au zaidi kwa kazi ileile. Hapo bado hatujataja vumbi la barabara ya mtaani ambayo haijawekwa lami, wala unyevu wa pwani unaolifanya vumbi hilo lishikane. Wanaokaa karibu na bahari, Kigamboni au Msasani, wana nyongeza ya chumvi inayokula vyuma taratibu.

Halafu kuna mapambo yetu. Kasha la kompyuta limeingizwa kwenye kabati la meza, mlango umefungwa, juu limevikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya bibi. Kitambaa ni kizuri, sikatai, lakini kivuliwe kabla ya kuwasha. Laptopu nayo inawekwa kitandani juu ya godoro, na matundu yake ya kuvutia hewa mara nyingi yako chini.

Sasa, utajuaje kwamba ni joto na si kitu kingine? Njia ninayoiamini zaidi haihitaji kifaa chochote cha kupimia. Mashine ikizima, iwashe palepale na uendelee na kazi ileile. Ikiwa mara ya pili inazima mapema kuliko ya kwanza, na mara ya tatu mapema zaidi, shuku joto, kwa sababu chuma bado ni cha moto na safari ya kufika kikomoni imekuwa fupi. Ukiipumzisha saa nzima na kuielekezea feni ya mezani huku kasha likiwa wazi, kisha ikadumu, una jibu lako. Ukitaka namba, programu za bure kama Core Temp au HWMonitor zinaonyesha nyuzi joto palepale. Ikiwa imetulia bila kazi na tayari iko 80, hapo pana tatizo hata kama haijawahi kuzima.

Jaribio lingine: washa, ingia kwenye BIOS, ile programu ya mipangilio inayofunguka kabla ya Windows, uiache hapo. Windows bado haijapakiwa, kwa hiyo ikizima ikiwa hapo, virusi na Windows vimetoka kwenye orodha ya washukiwa. Uwe na hoja hiyo mkononi kabla fundi hajakuambia habari za kuformati.

Tofautisha pia kuzima na kujiwasha upya. Windows ikipata hitilafu kubwa, kwa kawaida inaonyesha skrini ya bluu kwa muda mfupi na kujiwasha yenyewe, na ukiwa umegeuka hutaiona. Kuna mpangilio wa kuondoa huko kujiwasha ili usome ilichoandika. Kwenye kumbukumbu za Windows utakuta pia Kernel-Power namba 41, ambayo huwatisha watu wengi. Inasema tu kwamba mara iliyopita mashine haikuzimwa kwa utaratibu. Hata ukichomoa waya ukutani kwa makusudi, itaandika hivyohivyo.

Mshukiwa wa karibu zaidi na joto ni umeme. Umeme wetu wa nyumbani ni volti 230, lakini jioni watu wamerudi, mafriji na pasi vimewaka, na taa zinafifia. Pawa saplai ya kompyuta, lile boksi linalopokea umeme wa ukutani na kuugawa ndani, inaweza kuvumilia katizo la sehemu ndogo sana ya sekunde, basi. Ikiwa mashine inazima friji linapoanza kunguruma, au taa zinapocheza, na ukiiwasha inakaa masaa bila shida, angalia umeme au pawa saplai iliyochoka. UPS, kile kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme ukikatika, husaidia hapa, mradi betri yake iwe hai. Iliyokufa betri haikusaidii kitu taa zikikatika. Laptopu ina nafuu kwa hili: betri yake ikiwa nzima, umeme ukikatika haishtuki. Laptopu yenye betri nzuri ikizima ghafla ikiwa imewaka moto chini, sina haja ya kuuliza habari za TANESCO.

Kusafisha ni kazi ya nusu saa. Chomoa waya, fungua ubavu wa kasha, toa feni ya prosesa. Usiishie kupuliza juu juu: uchafu wenye madhara unakaa chini ya feni, pale inapokutana na mapezi ya hitisinki. Feni inaweza kuonekana safi kabisa huku chini yake kuna tabaka la vumbi na nywele lililoshikana, ukilivuta kwa kibano linatoka zima. Tumia brashi kavu ya rangi, au blowa kama wanavyofanya mafundi wa Kariakoo, lakini shika feni kwa kidole isizunguke. Ikizungushwa kasi kupita kiasi inaharibika. Usitumie kitambaa chenye maji.

Ukifika hapo, mwambie fundi abadilishe na pesti, ile dawa ya kijivu au nyeupe iliyo kati ya prosesa na hitisinki. Kwenye mashine za mtumba zilizotumika miaka mingi maofisini, mara nyingi utaikuta imekauka na kumeguka kama chokaa ya ukuta. Kiasi cha punje ya njegere kinatosha prosesa nyingi. Kumwaga nyingi si ukarimu.

Ikiwa mashine inaganda lakini haizimi, na joto ni la kawaida, geukia diski na RAM, ile kumbukumbu ya muda ambayo mashine hutumia ikiwa imewaka. Diski ya zamani inayokufa huganda wakati wa kufungua mafaili, huku taa yake ikiwaka mfululizo, na nyingine hugonga kwa sauti. Ukisikia kugonga huko, nakili mafaili yako kwanza, mengine baadaye. RAM unaijaribu kwa kipimo kilichomo ndani ya Windows yenyewe, au kuichomoa na kusugua meno yake kwa kifutio cha penseli, dawa ambayo inafanya kazi mara nyingi kuliko inavyostahili.

Mwisho, ukiwa umefungua kasha, tazama vile vipipa vidogo kwenye mazabodi, ile bodi kubwa inayobeba vipande vyote vya ndani. Vichwa vyao vinatakiwa viwe bapa. Vilivyovimba au kuvuja vinahitaji fundi mwenye chuma cha kulehemu. Pawa saplai usiifungue mwenyewe hata kama imechomolewa, kwa kuwa ndani hubaki na chaji inayoweza kukurusha; ikiharibika inabadilishwa nzima.